Bwana wa Vipimo na Unywele wa Nasra

Watu wa Amu, kisiwani kwetu, wakimtaja husema "yule asiyeonja cha mtu," kisha hucheka. Mimi sicheki. Kwa miezi mizima nilimchukia mzee huyu karibu sawa na nilivyomchukia mkwe wangu, na mkwe wangu, mama wa mume wangu, nilimchukia sana. Kisha akanirudishia mwanangu. Basi haya ninayoandika si sifa za msibani. Mwenyewe yu hai, anakohoa, na bado anagombana na wauza samaki. Nasema niliyoyaona.

Jina lake halina haja hapa, na alizaliwa nyumba gani huko Pate waulizeni wanaopenda mambo ya koo. Alikuwa mpimaji wa maabara, yule mtu wa kidirisha kidogo ambaye unampa kikopo chako huku unatazama pembeni. Sote tulimwita Bwana wa Vipimo. Kofia yake ilikuwa safi siku zote, na chini ya kofia, juu ya sikio la kulia, palikaa penseli. Kalamu ya wino hakuitaka. Wino ukipata maji hukimbia, alikuwa akisema, na jina la mgonjwa likikimbia mgonjwa naye amekwenda. Nyumbani kwake kila kopo lilikuwa na karatasi: SUKARI, ilifunguliwa Jumanne. CHUMVI, ya zamani. Mkewe aliwaambia majirani, "Nikifa ataniandika kwa penseli ndipo azike."

Hilo la kula ndilo lililowaudhi watu. Amu huingii nyumba ya mtu ukatoka mdomo mkavu, labda uwe una ugomvi nayo. Yeye aliingia nyumba zote na akatoka mkavu. Harusini alikaa mwisho wa mkeka, akanywa maji ya chupa yake, akawaombea dua maharusi, akaondoka kabla ya sinia. Futari akipelekewa Ramadhani, sahani ilirudi kama ilivyokwenda, imefunikwa kawa lile lile. Mamangu alimpelekea mara moja nilipokuwa mdogo, nayo iliporudi alinuna siku tatu. "Atuona wachafu," akasema. Baadaye nilisikia sababu kutoka kwa mkewe. Mzee alimwambia hivi: "Leo nala biriani yake, kesho naletewa damu ya mwanawe. Nitaitazama kwa mato ya biriani."

Mara ya kwanza kukutana naye mimi mwenyewe nilikuwa kidato cha kwanza. Tulipimwa minyoo shule nzima. Rafiki yangu Saida hakupata kitu asubuhi ile, nami nilikuwa na cha kutosha, nikamgawia. Tukaona tumefanya la maana. Siku ya pili Bwana wa Vipimo akaja shuleni kwa miguu yake, akatuita mbele ya darasa.

"Nyinyi wawili muna tumbo moya?"

Tukatazamana.

"Minyoo moya. Mayai moya. Hata mbegu za tungule ni moya. Mumezaliwa pacha?"

Darasa likacheka mpaka mwalimu akatoka nje. Yeye hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akanigeukia mimi mtoaji: "Mwenziyo akiwa na ugonjwa wake, wewe umemfitia, hautaonekana. Kopo halisemi uongo, lakini sharuti liwe lake." Nililia kwa aibu. Saida alipopimwa upya alionekana ana kichocho. Hakuna aliyeniambia pole, na huyo mzee kabisa hakusema. Pole si neno lake. Nimemjua miaka mingi na sijalisikia kinywani mwake.

Sasa kisa changu, na nitakifupisha kwa sababu kikirefuka nitatukana.

Mamangu anakaa Kipungani, anasuka mikeka. Nasra alipokuwa na mwaka na nusu, Mama aliteleza kisimani akavunjika mguu. Nikamchukua mwanangu tukakaa naye miezi mitatu. Kipungani nzima ilimwona Nasra akikimbiza kaa ufukweni tangu asubuhi, halali hata ukimwimbia. Mguu ulipounga tukarudi Amu, nyumbani kwa mkwe wangu ambako mume wangu alituweka, nami nikapata kazi ya mchana kwenye duka la kupiga chapa. Nasra akabaki na huyo bibi yake.

Hazikupita wiki nyingi mtoto akaanza kulala. Alilala adhuhuri, alilala magharibi, alilala na ubwabwa mdomoni. Nikauliza, nikaambiwa anakua. Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, nikarudi kazini nikamkuta haamki. Nilimpiga makofi mwanangu ili aamke. Hospitali daktari akasema mtoto ana dawa ya kulaza mwilini, tena nyingi. Akauliza nani amempa.

Kabla sijafungua mdomo mkwe wangu akajibu. "Mamake. Alianza kumpa huko Kipungani apate kumuuguza mamake kwa raha. Mwana alikuya hapa keshazoea."

Mume wangu akanitazama mimi. Hakumtazama mamake hata mara moja. Talaka ilinifikia Nasra hajatolewa sindano ya maji mkononi, na mtoto akapelekwa kwao. Mimi nikapewa Ijumaa, saa moja, ukumbi wa mbele, na wifi yangu wa kunikalia kama mwizi. Nikaenda kwa Kadhi kudai mwanangu. Lakini nilikuwa na nini? Maneno yangu na maneno yake. Yeye ni mama wa nyumba kongwe, maulidi husomwa kwake. Mimi ni binti wa msuka mikeka, kidato cha nne, mdomo mrefu.

Ndipo nikaenda kwenye kidirisha. Bwana wa Vipimo alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Damu imesahau," akasema. "Mkojo umesahau. Dawa ile haikai. Lakini nywele hazisahau."

Akanieleza. Unywele unapoota chini ya ngozi hunasa kidogo cha kila kilichomo katika damu, kisha hutoka nacho. Kwa mwezi huongezeka kama sentimita moja. Kwa hivyo ncha ni miezi ya zamani, na palipo karibu na ngozi ni miezi ya juzi. Nywele za Nasra zilikuwa na upana wa vidole vinne hivi, yaani kama miezi saba. Nusu ya nchani ilikuwa Kipungani. Nusu ya kichwani ilikuwa Amu.

Akasema bara, katika maabara ya chuo kikuu, kuna binti wa Faza aliyewahi kujifunza kazi kwake, naye sasa anaendesha mashine ya leza inayosoma unywele mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Nikamuuliza inasomaje. Mbele yake palikuwa na punje za choroko na kokwa ya tende, sijui zilifikaje kwenye meza ya maabara. Akaipiga choroko kwa kidole, ikaruka mpaka ukutani. Akaipiga kokwa kwa kidole kile kile, ikajikokota.

"Nguvu ni moya. Nyepesi hufika mbele, nzito hufika nyuma. Leza yafanya hivyo. Yapiga unywele mahali padogo kuliko ncha ya sindano, molekuli zaruka, mashine yaangalia ipi imefika lini. Kwa hilo yayua uzito wake, na kwa uzito yayua ni dawa gani. Kisha yasogea kidogo, yapiga tena."

"Na unywele hauungui?"

"Samaki humpaki unga kabla ya kumtia mafutani? Nao hupakwa unga wake, unga ndio unaokunywa moto."

Nikaona mlango umefunguka. Nikataka kumshukuru. Akanikata.

"Na ikisema ni wewe?"

"Haiwezi."

"Sikukuuliza kama yaweza."

"Basi iseme."

"Utaiwata iseme, hutaizuia? Maana mimi sikuamini wewe, na mkweo simuamini. Karatasi itakayorudi ndiyo nitakayoisoma mbele ya Kadhi, hata ikiwa ni ya kukuvunda."

Nikaondoka namlaani. Nilikwenda kutafuta mtu wa upande wangu, nikampata mtu asiye na upande.

Alinifundisha kukata. Nyuma ya kichwa, juu ya kisogo, karibu na ngozi kabisa, nywele kama ishirini, zisichanganyike. Upande wa kichwani ufungwe uzi mweupe, fundo moja. Ulipo uzi ndipo palipo kichwa. Ijumaa ile nikakata, nikafunga, nikatia ndani ya bahasha. Jumamosi nikaenda kwa Mama Kipungani, na Jumatatu alfajiri nikarudi Amu mpaka kidirishani, maana Bwana wa Vipimo mwenyewe ndiye aliyekuwa aipeleke bahasha bara.

Akaifungua. Akanusa.

"Hizi zatoka harusini?"

Zilinukia udi. Zilikuwa zimelainika kwa mafuta ya nazi, zimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa cheupe.

"Uzi u wapi?"

Uzi haukuwepo. Nikampigia Mama simu pale pale, naye akajibu bila hata wasiwasi. "Nimeufungua. Nywele za mwana zimepigwa fundo, zinapelekwa kwa watu tusiowajua? Wewe siku hizi Falaq husomi? Nimezifukiza, nimezipaka mafuta, ziende kwa heshima."

Mtu yeyote wa kwetu angefanya alivyofanya Mama. Sura ile tunaisoma kila siku, tunajikinga na shari ya wanaopuliza mafundoni, na yeye alipofungua bahasha alichokiona ni nywele za mjukuu wake na fundo. Nilielewa.

Bwana wa Vipimo alizitandaza juu ya karatasi. Nyingine zilielekea huku, nyingine kule.

"Hazina kitwa," akasema. "Zikisomwa kinyume, Kipungani itakuwa Amu na Amu itakuwa Kipungani. Mkweo atakuwa mkweli na wewe mwongo."

"Tazama kwa darubini. Si utaona ncha ipi?"

"Labda. Lakini labda siendi nayo kwa Kadhi. Tena zimejaa udi na mafuta."

Nikamwambia azipeleke hivyo hivyo. Nikamwomba. Nikamwambia Kadhi ametupa tarehe, nikamwambia mwanangu ananiita shangazi. Akazikunja, akazitupa kwenye pipa la taka mbele yangu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu Nasra anajifunza kusoma. Alingoja niishe, kama alivyongoja darasa liishe kucheka.

"Ijumaa ni siku nne," akasema. "Nitakuya mwenyewe."

Na kabla ya Ijumaa alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Alikwenda Kipungani kumwona Mama. Mimi nilidhani amekwenda kumfokea. Mama anasema aliketi kwenye ukingo wa mkeka ambao haujaisha, akamwambia, "Bi, mimi pia nasoma Falaq. Sitafunga fundo." Akamwonyesha plasta nyekundu, akaikata kipande, akambandika Mama kidoleni aone haina uchawi. Mama akamletea dafu. Akalikataa. Mama akanuna tena, lakini safari hii siku moja tu.

Ni mtu wa namna hiyo, ukimshika hapa anachomoka pale. Vipimo vya watu wote Amu anavikumbuka, umri wake mwenyewe anauongopea. Amewapigia watu kelele maisha yake yote waje kupimwa, na yeye akiona sindano inakuja mkononi mwake huzimia. Mkewe aliniapia. Walitaka kumpima damu hospitalini, akaanguka, kofia upande, penseli upande. Alipozinduka akawaambia walioko pale kwamba ameteleza.

Ijumaa tukaenda pamoja. Mkwe wangu alitupokea kwa kanga mpya, sinia ya kahawa na halwa tayari, wifi yangu kakaa kando kama kawaida. Nasra nikampakata.

"Karibu, Bwana. Leo utaonja kwetu."

"Ahsante. Sionji."

"Hata kahawa?"

"Hata mai."

"Nyumba hii haina najisi."

"Nyumba njema, Bi. Mimi ndiye niliye kazini."

Akauma mdomo. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyelala vizuri. "Haya, kata. Kata hata zote. Nywele zitasema nini, zina mdomo?"

Akakata, na mkwe wangu akatazama. Upande wa kichwani akabandika plasta nyekundu pale pale, akamwonyesha mkwe wangu, akamwonyesha wifi yangu, akanionyesha mimi. Akaandika kwa penseli, akafunga bahasha, akataka dole gumba la kila mmoja wetu juu ya kifuniko. Mkwe wangu alibonyeza dole lake kwa madaha. Wakati huo Nasra alinyoosha mkono akaichomoa penseli sikioni mwa mzee, akaitia mdomoni. Nikadhani atafokewa. Mzee akaitazama penseli, akamtazama mtoto, akamwambia, "Ukimaliza, nirudishia." Akangoja amalize.

Wiki zilizofuata sizisemi. Nilipiga chapa karatasi za watu na sikujua nimepiga nini.

Siku ya Kadhi tulikaa, wao benchi lile, sisi benchi hili. Bwana wa Vipimo akaingia na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunisalimia zaidi ya alivyowasalimia wao. Ile karatasi ilikuwa picha. Nywele za Nasra zimelazwa sambamba kama miti ya boriti, na juu ya kila mmoja leza imepiga nukta baada ya nukta. Palipo na dawa pamewaka njano na nyekundu. Pasipo nayo pamebaki buluu, buluu nzito.

"Eleza," Kadhi akasema.

"Huku kwenye plasta ni kitwani. Hii ni miezi ya karibuni. Huku ni nchani, ya zamani. Jasho la mtoto huchafua kidogo, nywele zilioshwa kabla ya kupimwa, na mwezi sikati kwa kisu, ni takriban. Dawa iliyoonekana ni ya mafua, katika zile zinazolaza."

Kadhi akaweka kidole chake juu ya buluu. "Hapa mtoto alikuwa wapi?"

"Kwa hesabu ya tarehe walizozitoa wote wawili, hapo yuko Kipungani."

"Na hapa?" Kidole kimefika kwenye njano.

"Hapo yuko Amu."

"Nani alimpa?"

"Nywele hazisemi mkono wa nani. Zasema lini."

Basi. Nilitaka kusimama nimtikise, nimwambie sema, sema ni nani, si unajua. Akafunga mdomo akaketi. Kadhi akaitazama ile picha muda mrefu. Kisha akainua macho kwa mkwe wangu, hakumwuliza kitu, akamtazama tu.

"Kijiko kimoya," mkwe wangu akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Cha mafua tu. Halali mtana, yule mwana, nami nina wageni."

"Bi, ulisema ni mamake. Ulisema tangu Kipungani," Kadhi akasema.

Mume wangu, yule aliyeniandikia talaka kwenye karatasi ya daftari, alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtazama mpaka akaona kwamba namtazama.

Nasra akarudishwa kwangu siku ile ile. Wanawake walioandamana nami wakataka tupite vichochoroni, wakasema wazee wa watu usiwaaibishe. Nikakataa. Nilimweka Nasra kiunoni nikapita ndia kuu, mbele ya maduka, mbele ya msikiti, mbele ya baraza yao yenyewe ambapo walikuwa wamekaa wale wajomba wa mume wangu waliourudia uongo wa mkwe wangu. Niliwapa salamu mmoja mmoja. Ni faradhi kuitikia salamu, wakaitikia. Hasira yangu haikuisha siku ile na haijaisha leo, lakini siku ile nilitembea nayo kichwa juu, na mwanangu macho makavu, wazi, anawapungia punda.

Jioni nilikwenda kidirishani kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Ungekuwa wewe, ningesema ni wewe."

Nilikasirika tena. Nilifika nusu ya njia nyumbani ndipo nikasimama. Kama angekuwa mtu wa upande wangu, kama angekunywa kahawa yangu au ya mkwe wangu hata kikombe kimoja, ile karatasi ingekuwa karatasi tu.

Mwaka huu amestaafu. Kidirisha kina kijana mwingine, mwenye simu mbili. Baada ya Idi nilipika mkate wa sinia, nikaukata vipande, nikaufunika kawa, nikamchukua Nasra. Ana miaka sita sasa, nywele zimefika mabegani, nimemsuka njia nne. Tulimkuta barazani kwake, amevaa miwani, anaandika kitu kwenye kopo la mchele.

Akaiona sahani. Akanitazama juu ya miwani.

"Una kesi yoyote?"

"Sina."

"Mtu wenu amelazwa?"

"Hakuna."

"Una kopo, una karatasi, una unywele wa kupima?"

"Huu wa kichwani mwake tu, na huu si wa kupima."

Akawaza. Niliona kabisa anapekua kichwani mwake, kila bahasha, kila jina, anatafuta langu kama bado liko mahali. Kisha akatia penseli sikioni, akaita maji, akanawa mikono yote miwili taratibu mpaka viwiko, kama mtu anayekwenda kusali. Akachukua kipande. Akala.

"Sukari imezidi."

"Umejuaje na hujapima?" Nasra akamuuliza.

Mlango wa ndani ukafunguka na mkewe akatokeza kichwa. "Nani anakula hapo?" Akaona. Akaja mpaka kizingitini, kanga imemteleza begani, akashika kiuno akamtazama mumewe anavyotafuna, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Mzee hakumjali. Nasra alikwishaichomoa penseli sikioni mwake na anachora juu ya kopo la mchele, naye hakumkataza. Alimaliza kipande, akajifuta ndevu, akanisukumia sahani.

"Nipa kingine," akasema.